Mlima Hauna Shemeji

Ukitaja Salamabila, kwetu Maniema ya kusini, mbele ya mtu wa Kindu au wa Bukavu, atakuuliza habari za dhahabu. Atakutajia Namoya, Mwendamboko, Kakula na Muviringu, vilima vilivyochimbwa enzi za Wabelgiji, halafu kampuni ya Banro kutoka Kanada ikaja kuvichimba upya na kutangaza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Sisi wa klabu ya futingi, yaani ya kukimbia, tunaijua milima mingine. Hiyo haina dhahabu, na ndiyo maana imebaki na majani yake. Ina njia nyekundu, mashamba ya mihogo pembeni, na watoto wanaotoka shambani peku, wanakimbia nawe mita mia mbili, wanakushinda, wanacheka, kisha wanarudi kwa mama zao bila hata kuhema.

Orodha hii nimewaandikia wenzangu tunaojiandaa pamoja kwa mbio za vilima. Naihesabu kutoka tisa kushuka hadi moja, maana kupanda mtapanda wenyewe.

9. Tumbo

Bugali na sombe ni chakula cha heshima, na heshima ya kwanza ni kukipa muda. Kula saa mbili au tatu kabla ya mbio. Damu inayotakiwa na tumbo ndiyo hiyo hiyo inayodaiwa na mapaja, na katika ugomvi huo mapaja hushindwa. Shemeji yetu wa pikipiki husema mtu hawezi kupanda mlima na njaa. Kweli, shemeji, lakini hawezi kuupanda na sahani mbili pia. Ndizi mbili zinakutosha, na maandazi ya mwenzetu Yaya yatakungoja ukirudi. Yaya mwenyewe anakimbia, kwa hiyo hakuna atakayeyamaliza kabla hujafika.

8. Miguu, kisha viatu

Nimeanza na miguu kwa makusudi. Kata kucha siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia mbio. Soksi iwe kavu na isiwe na mshono unaosugua vidole. Lengelenge dogo likipuuzwa siku ya joto hugeuka kidonda, na kidonda cha mguu katika nchi yetu si mchezo. Mwaka 1870 David Livingstone, mtu aliyekwisha kuvuka bara zima, alikwama hapa hapa Kabambare. Vidonda vya miguu vilimfungia nyumbani karibu siku 80. Mwalimu, mwenzetu wa klabu, hupenda kutukumbusha habari hiyo kila anapomwona mtu amevaa viatu bila soksi. Safari nyingine Mwalimu anarefusha, lakini kwa hili yuko sahihi.

Kiatu cha mbio za vilima kinahitaji mambo mawili: soli yenye meno ya kushika udongo uliolowa, na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwa sababu wakati wa kushuka mguu mzima husukumwa mbele. Njumu za mpira wa miguu zinashika vizuri matope, lakini juu ya jiwe kavu zinateleza. Kijana wetu mchimbaji anakimbia kwa sandali za plastiki na bado anatuacha. Mdogo wangu, tunakupenda, tunakuonea fahari, na tunakutafutia viatu kwenye mitumba.

Si sisi tu wenye shida hiyo. Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kivu ya Kaskazini aliyekulia ukimbizini Marekani, aliikimbilia Kongo mbio za marathoni kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Alianzisha mradi wa kuwasaidia wakimbiaji vijana wa Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu, na viatu vilikuwa miongoni mwa mahitaji ya mwanzo kabisa. Vipaji havijawahi kupungua katika milima hii. Kinachopungua ni soli.

7. Kirangozi

Njia za Maniema ya kusini zilikanyagwa zamani sana. Misafara ya karne ya 19 ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ikapanda hadi Kabambare, ikashuka Kasongo, ikaendelea mpaka Nyangwe kwenye mto Lualaba. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alipita humo. Waliobeba pembe za ndovu walikuwa wapagazi wenye mizigo ya kilo 30 na zaidi mabegani, na wengi wao hawakuchagua safari hiyo, walikuwa watumwa. Nawataja kwa sababu tunakimbia juu ya njia zao, na mtu akikimbia hapo anapaswa kujua nani alitangulia na kwa uchungu gani.

Mbele ya kila msafara alikuwepo kirangozi. Alijua njia, alijua maji yako wapi, na hatua yake ndiyo iliyofuatwa na watu mamia nyuma yake. Klabu nayo inahitaji mtu huyo siku za mazoezi. Asiwe mwenye mbio kuliko wote. Awe yule anayegeuza shingo kutazama nyuma. Kwetu kazi hiyo anayo Mzee, ambaye hakimbii haraka na hajawahi kumpoteza mtu. Wachimbaji humtania kwamba hata konokono humpita. Mzee hujibu kwamba konokono hawajui njia ya kurudi.

6. Mashimo na ruhusa

Hapa hakuna utani. Vilima vyetu vina mashimo ya wachimbaji wadogo, mengine yameachwa wazi na kufunikwa na majani. Kila njia mpya ipitwe kwanza kwa kutembea, mchana, pamoja na mtu anayeilima. Usikatize eneo la mgodi. Chifu na viongozi wa mtaa waambiwe mapema siku, saa na idadi ya watu, kwa kuwa sehemu hii imeona vikundi vyenye silaha kwa miaka mingi, na kundi la watu wanaokimbia alfajiri huwatia hofu wanaolitazama kutoka dirishani. Anza jua likiwa limetoka. Vaeni fulana za rangi moja inayoonekana. Mkifika penye nyumba, salimieni.

5. Kupanda

Shemeji alipojiunga na klabu aliambiwa atapunguziwa mazoezi kwa sababu ametuolea dada. Tukampunguzia. Mlima haukumpunguzia. Hauna shemeji, hauna mkwe, haumjui mkubwa wa kazi, wala hauulizi ulilala saa ngapi. Unachokitambua ni jinsi unavyogawa pumzi yako.

Kosa la wengi ni kutaka mwendo wa tambarare ubaki ule ule kwenye mwinuko. Haiwezekani. Kinachobaki kile kile ni juhudi: fupisha hatua, ongeza idadi yake, inua kifua, tazama mita tano mbele, si kileleni. Mikono ifanye kazi, kwa kuwa miguu huifuata. Ukiweza kumjibu mwenzako maneno matatu, uko sawa. Ukiweza kumsimulia habari ya harusi nzima, ongeza kidogo. Yaya anasimulia harusi na bado anapanda, lakini huyo ana mapafu ya pekee na tusijilinganishe naye.

Na mwinuko ukizidi, tembea. Naisema kwa sauti kwa sababu vijana wanaona haya. Penye mwinuko mkali sana, hatua ndefu ya kutembea, mikono ikisukuma magoti, inaweza kukufikisha sawasawa na anayekimbia huku ikikuachia nguvu. Mbio za Mlima Kamerun zinaanzia mjini Buea na kupanda hadi kwenye kilele cha mita 4,095, kisha kushuka tena. Sarah Etonge alizishinda mara saba, na watu wa huko wakamwita malkia wa mlima. Hakuna anayeupanda mlima kama huo kwa kukimbia kila hatua.

Wanaotaka kujua Wakenya wanapataje mapaja yale, waulize habari za barabara ya Fluorspar. Inatoka chini kwenye bonde la Kerio, kule Kimwarer, inapanda ukingo wa Elgeyo mpaka Nyaru, kilomita kama 21 za kupanda mfululizo. Wakimbiaji wa Iten, Kaptagat na Eldoret huenda kuikimbia kama zoezi. Hakuna medali juu. Juu kuna gari la kuwarudisha nyumbani.

4. Joto na maji

Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume mara tano mfululizo, 2002 hadi 2006. Siku hiyo joto na unyevunyevu wa pwani vilimtoa njiani kwenye mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Wakimbiaji wengi hawakumaliza. Bekele alirudi mwaka uliofuata, Edinburgh, akashinda tena, kwa hiyo hakuwa amechoka na mchezo. Jasho lake lilikosa pa kukaukia.

Hewa ya Maniema ina unyevu wa namna hiyo miezi mingi ya mwaka. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka. Likichuruzika hadi chini, umepoteza maji na hukupata ubaridi. Anza kunywa tangu jana yake, kidogo kidogo. Mwenzako akianza kutetemeka juani, akaacha kutoa jasho au akajibu maneno yasiyoeleweka, mbio zake zimekwisha na zako pia: mweke kivulini, mmwagie maji, mpeleke hospitali.

Na msinywe maji ya vijito. Najua yanang'aa asubuhi, najua babu zetu waliyanywa. Babu zetu hawakuwa na watu wanaosafisha dhahabu kwa zebaki juu ya kijito. Bebeni maji yenu. Shemeji ana pikipiki, tumempa kazi ya kuyasambaza siku za mazoezi marefu, na tangu apewe cheo hicho hataki tena kuitwa kwa jina.

3. Kushuka

Hapa ndipo mbio za vilima zinapopotezwa na watu waliokwisha kuzishinda. Wengi hufika juu, hushukuru Mungu, halafu huachia mwili uende. Mwili unaenda. Magoti yanabaki na deni.

Wakati wa kushuka msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki: unajaribu kujikaza huku ukivutwa urefuke, na katika kazi hiyo nyuzi zake huchanika vipande vidogo vidogo. Maumivu hayaji siku hiyo. Huja kesho, na huzidi kesho kutwa. Ndiyo sababu, baada ya mlima wa Jumamosi, Jumapili wote bado mnaweza kutembea hadi kanisani na msikitini, na Jumatatu mwenzetu fundi cherehani hawezi kukanyaga pedali. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Mshuko mmoja wa wastani, ukipona vizuri, huulinda kwa wiki kadhaa dhidi ya mshuko mkali zaidi. Kwa hiyo tushuke kwenye mazoezi kwa makusudi, kidogo kidogo, wiki mbili au tatu kabla ya mbio, tusingoje siku yenyewe.

Mteremko mpole ni zawadi. Watafiti waliopima nguvu za wakimbiaji waligundua kwamba gharama hupungua kadiri unavyoshuka, mpaka mteremko ufikie kama asilimia 20. Ukizidi hapo, breki zinaanza kula nguvu upya. Kwa hiyo penye upole legea, ongeza hatua, uegemee mbele kidogo kutoka kwenye kifundo cha mguu. Penye ukali fupisha, panua mikono kwa ajili ya usawa, na weka mguu chini ya mwili wako, si mbele yake. Usimfuate mtu kwa karibu; akianguka utamwangukia.

Aliyeijua sana hesabu hii ni Juma Ikangaa wa Tanzania. Marathoni ya Boston ni mbio inayoshuka mwanzoni, kisha inakuwekea vilima vya Newton kati ya kilomita ya 26 na ya 34, mapaja yakiwa yamekwisha kupigwa. Ikangaa alikuwa mtu wa kwenda mbele tangu mlio wa bunduki. Alimaliza wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa saa 2:08:43 dhidi ya 2:08:44. Sekunde moja katika kilomita 42! Mwaka 1989, miezi michache baada ya Boston ya pili, Ikangaa alikwenda New York akashinda kwa 2:08:01. Namheshimu kwa moyo wote. Mtu aliyerudi kwenye vilima vilevile mara ya tatu anajua kitu kuhusu uvumilivu ambacho sisi wa Jumamosi hatujakifikia.

2. Kilele cha uongo

Kila mlima mrefu una kilele cha uongo. Unaona anga nyuma ya majani, unatoa nguvu zote, unafika, na mlima unaendelea. Mchimbaji wetu amekamatwa hapo safari nyingi. Anapiga kelele za ushindi, halafu ukimya, halafu sisi tunapita tukimpa pole.

Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, alikutana na kilele cha namna hiyo mbele ya nchi yake nzima. Tarehe 26 Machi 2017 mashindano ya dunia ya nyika yalikuwa Kampala, viwanja vya Kololo. Cheptegei aliongoza peke yake, watu wakiimba, mpaka mzunguko wa mwisho. Hapo miguu ikakataa. Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita na kushinda, na Cheptegei akayumba hadi mstarini akiwa wa 30.

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Machi 2019, mashindano yalikuwa Aarhus, Denmark, na njia yake ilikuwa ya ajabu: ilipanda paa la jumba la makumbusho la Moesgaard, paa lililooteshwa nyasi na kuinama hadi ardhini, na wakimbiaji walipandishwa hapo kila mzunguko. Cheptegei safari hii alikaa na kundi, akaungoja mlima umalize kusema, akashambulia mwishoni. Alishinda. Mwenzake Jacob Kiplimo akawa wa pili. Kamworor akawa wa tatu.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kilele: usitoe nguvu ya mwisho mpaka uone mteremko wa upande wa pili kwa macho yako. Mzee huongeza kwamba hata ukiuona, muulize kwanza mwenye shamba.

1. Mtu wa nne

Watu wengi wanamkumbuka Cheptegei wa siku ile ya Aarhus. Mimi nataka wenzangu wamkumbuke Joel Ayeko.

Katika mashindano ya nyika timu haihesabiwi kwa muda. Inahesabiwa kwa nafasi: wa kwanza alama moja, wa pili mbili, na kuendelea, unajumlisha nafasi za watu wanne wa mwanzo wa timu, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Uganda siku ile ilikuwa na Cheptegei wa 1, Kiplimo wa 2, Thomas Ayeko wa 7 na Joel Ayeko wa 10. Jumla 20. Kenya ilipata 43 na Ethiopia 46. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanaume wa Uganda kutwaa taji hilo la timu, na halikukamilika mpaka mtu wa nne alipovuka mstari. Kuna miaka hesabu ilikuwa ngumu zaidi, walihesabiwa sita. Wanaume wa Kenya walitwaa taji la timu katika mbio ndefu mara 18 mfululizo, 1986 hadi 2003. John Ngugi na Paul Tergat, mabingwa mara tano kila mmoja, wasingeweza kufanya hivyo peke yao hata wangekuwa na mabawa.

Sasa chukueni hesabu yetu. Tuseme vijana wetu watatu wanamaliza wa 1, wa 2 na wa 3. Salamabila nzima inapiga vigelegele. Halafu mtu wetu wa nne, fundi cherehani, anaingia wa 30. Jumla 36. Klabu ya pili haina nyota hata mmoja. Watu wake wanaingia wa 6, wa 7, wa 8 na wa 9, wameshikana begani. Jumla 30. Kombe linaondoka, na vijana wetu watatu wanabaki wakijadili ni nani kati yao aliye mkali zaidi.

Kwa hiyo mchimbaji akipunguza sekunde kumi, hatuongezi kitu. Tayari ni wa kwanza. Fundi cherehani akipita watu wanane, tumeshinda. Fulusi ya klabu, muda wa kirangozi, jozi ya pili ya viatu, maji ya shemeji, vyote viende kwa mtu wa nne na wa tano. Wenye mbio wasione wamenyimwa.

Tumekubaliana hivi kwa Jumamosi. Vijana watatu watapanda mara mbili. Mara ya kwanza kwa kasi yao, wakamalize hamu. Mara ya pili watamzunguka fundi, mmoja mbele kukata upepo, mmoja ubavuni wa kuzungumza naye, mmoja nyuma, mpaka juu kabisa, upande wa pili uonekane. Fundi amekubali yote isipokuwa sharti moja: wa nyuma asimguse mgongo. Yaya atakuwa kileleni na saa. Amesema akiona mtu ameguswa mgongo, safari hiyo haihesabiwi, na wote wanne wataanzia chini.